Vigae Visivyotajwa

Katika Mji ule hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi. Waliniuliza nina ghorofa ngapi. Kila mwaka ulipokatika Mji ulijiongezea ghorofa moja kwa juu, watu wakabeba vyombo vyao wakapanda, na mwaka uliopita ukaachwa chini mtupu, madirisha wazi, kamba za kuanikia zikining'inia bila nguo. Nilipofika Mji ulikuwa na ghorofa nne. Siku ninayotaka kuieleza tulikuwa tunaishi ya kumi na moja. Hesabu mwenyewe. Mimi nimeshindwa, kwa sababu kila niliposhuka ngazi kwenda kutafuta udongo nilikuwa msichana, na nilipopanda na ndoo kichwani nilikuwa mtu mzima anayeshika goti kila baada ya hatua kumi. Nani kati yao alifanya nililolifanya? Nimewauliza wote wawili. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake.

Jina langu ni Namvua na kazi yangu ni kufinyanga. Nalisema mapema usije ukanidhania mwanafalsafa. Wanafalsafa hunawa mikono ikatakata. Yangu ina wekundu uliojificha kwenye mistari ya viganja. Nimeusugua kwa jivu, kwa ndimu, kwa mchanga, na kwa sabuni ya Mjini yenye harufu ya maua ambayo sijawahi kuyaona. Haukutoka. Watu wa Mji waliupenda wekundu ule, walidhani ni alama ya ufundi, na wengine walipanga foleni kunishika mkono. Nikawaacha wanishike.

Nakiri niliupenda Mji. Nilipenda matangi ya maji yaliyokaa juu ya mapaa kama kuku wanaotamia. Nilipenda matofali ya matundu yanayoacha nyumba ipumue, na ngazi zilizoishia hewani zikisubiri mwaka ujao, na nondo zilizochomoza juu ya kila paa kwa sababu hakuna nyumba Mjini iliyokubali kwamba imekwisha. Kwetu chungu kina mdomo, ukifika mdomoni umemaliza. Pale hapakuwa na mdomo. Nikaanza kuufinyanga Mji, ghorofa kwa ghorofa, katika ukubwa wa kukaa juu ya meza. Udongo niliutoa kwenye mashimo ya misingi, mchanga mtoni. Nilichanganya pumba za mpunga ili zikiungua ziache vitundu vya kupitisha hewa. Kwenye kuta mbichi nilikandamiza majani ya mgomba, mishipa yake ikabaki ukutani kama nyufa za nyumba iliyokaliwa na watu wengi. Watu waliokuwa wanatembea juu ya marumaru maisha yao yote walikuja kuutazama udongo. Walininong'oneza kwamba wameona vipenzi vyao ndani ya vidirisha vyangu. Niliwajibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba mimi ni mikono tu.

Lakini kazi zilipasuka. Hapa ndipo penyewe. Kila nilichokiingiza tanurini kilitoka na ufa kuanzia msingi hadi tangi, maana udongo wa misingi ya Mji haujui kushikamana. Umechimbwa ili upishe kitu kingine, hakuna aliyewahi kuuhitaji wenyewe. Tanuri sita, nyufa sita. Na Mpima Mkuu alikuwa amekwisha kuniagiza.

Mpima Mkuu ndiye aliyeutawala Mji ule. Silaha yake ilikuwa utepe wa kupimia, aliouvaa shingoni hata akiwa mezani kwake. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia anataka Mji Mdogo, Mji wote kwa udongo, uwekwe katikati ya uwanja, ili ghorofa zitakapozidi kupanda watu wasisahau sura ya walikotoka. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Sasa nieleze kwetu, ili aibu yangu iwe na mahali pa kukaa.

Kwetu ni Chimboni. Wanawake wa Chimboni hawaupeleki udongo mpya motoni peke yake. Huchukua kigae cha chungu cha zamani, wakakisaga, wakachanganya chenga zake na udongo mbichi, kwa sababu kilichokwisha kupita motoni huushika mkono ule unaokwenda mara ya kwanza. Kigae huombwa. Unakwenda kwa mwanamke aliye hai unapiga magoti, unamwambia nipe kigae chako, naye akikupa amekuheshimu. Unapokanda unalitaja jina lake kwa sauti. Na chungu kikitoka motoni unakigonga kwa kifundo cha kidole, unawataja tena wote waliomo, mmoja mmoja, hata wakiwa ishirini. Nimewahi kumsikia mama akitaja majina ya chungu kimoja tangu maji yalipotiwa jikoni mpaka yakachemka.

Mfinyanzi akifa, chungu chake cha mwisho huvunjwa juu ya kaburi, mdomo ukiangalia chini. Vigae hivyo haviguswi. Haviombwi, maana wa kuombwa hayupo. Mwenye kuvigusa, wanasema, amemrudisha marehemu kazini.

Mama yangu alikufa Mji ukiwa na ghorofa saba. Nilikwenda kumzika. Siku ya arobaini, mchana wa jua kali, wanawake wote wakiwa shimoni wakichimba udongo, nilikwenda kaburini peke yangu nikatandika kanga. Niliviokota vyote. Nilijiambia ni mapenzi, kwamba ninamchukua mama nikamwonyeshe Mji ambao hakuwahi kuuona. Maneno hayo niliyatunga pale pale nikiwa nimechuchumaa, na hata wakati nayatunga nilikuwa nachagua vipande vyekundu zaidi.

Nilivisaga. Nilivikanda. Sikutaja jina. Tanuri la saba halikupasua kitu.

Ulipofika wakati wa kuonyesha sehemu ya kwanza, mwanamke mmoja wa Mjini, mpole, mwenye miwani, aliinama akaniuliza vile vidoadoa vyekundu vinavyong'aa ukutani ni nini. Nikasema, ni kokoto za mtoni.

Kokoto za mtoni. Mama aliyenibeba mgongoni akifinyanga, jasho lake likanichuruzika usoni. Kokoto. Mama aliyenifundisha kusikiliza chungu kabla ya kukitazama. Za mtoni. Niliyasema na nikatabasamu, na Mpima Mkuu akaamuru yaandikwe.

*

Dada yangu Eliwaza alifika ghorofa ya kumi na moja asubuhi, siku mbili kabla ya Mji Mdogo kuwekwa uwanjani. Alikuwa amepanda ngazi kwa miguu. Kila alipokanyaga palibaki unyayo mwekundu juu ya marumaru, na walinzi wawili walikuwa nyuma yake wakipangusa, hawakumkemea wala hawakumkaribisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa sakafuni akiviacha viti vyangu vyote. Nilimpa maji. Aliyanywa akitazama bilauri kama mtu anayetafuta ni nani aliyeifinyanga.

Alikuja na habari moja. Kaburi la mama lilikutwa tupu, bila kigae, nami niliijua habari hiyo kuliko yeye, nikashika shavu kwa mshangao. Ndiyo, nilishika shavu. Walipokuta kaburi tupu walikaa wakafikiri ni nani angevitaka vigae, na wakakubaliana kwamba ni mfinyanzi tu. Msimu ule vyungu vya Mama Mbonea, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, havikupasuka hata kimoja. Basi ikawa yeye.

Hakupigwa, hakutukanwa. Alitolewa shimoni tu. Tangu siku ile, akaniambia Eliwaza, Mama Mbonea huja kila asubuhi na jembe lake, hukaa juu ya jiwe bapa lililo nje ya ukingo wa shimo, huwatazama wenzake wakichimba mpaka wanapomaliza, kisha huenda nyumbani. Hakuna anayemwomba kigae. Jina lake halitajwi juu ya chungu chochote. Sasa amezeeka, anakohoa, na wanawake wameamua kwamba akifa hatavunjiwa chungu.

"Mimi ndiye niliyemnyooshea kidole," Eliwaza akasema. "Wa kwanza nilikuwa mimi. Nimechoka, Namvua. Nimekuja nikae kwako kidogo, mahali ambapo simwoni kwenye lile jiwe."

Ungekuwa wewe ungesema pale pale. Najua. Mimi niliinuka nikaenda kukoroga uji ambao ulikuwa hauhitaji kukorogwa.

Nikiwa na mgongo kwake, nilisikia. Watu wa kwetu hawawezi kukaa karibu na chombo bila kukigonga, ni mazoea, kama wengine wanavyopapasa tasbihi. Mji Mdogo ulikuwa mezani umekamilika, na Eliwaza alinyoosha mkono akaugonga mnara mmoja kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti ya mtungi wa mama, ule uliovunjwa kaburini, uliokuwa zamani nyuma ya mlango, ambao tuliugonga kila jioni kujua kama maji yamebaki. Siri ya mtungi aijuaye kata. Niligeuka. Alikuwa ameukunja mkono wake kifuani kama aliyeungua.

Aligonga tena, jengo la pili. Kisha la tatu. Mama alijibu kila mahali, kutoka kwenye ngazi, kutoka kwenye matangi, kutoka kwenye baraza ambazo hakuwahi kuzikalia.

"Umemtaja?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana.

"Hata siku moja?"

Niliona aibu iliyonianzia miguuni, nikatamani marumaru ipasuke, lakini marumaru ya Mji ule ilipimwa vizuri sana. Nilichokiogopa ni kwamba angelia. Hakulia. Aliuliza tu uwanja uko wapi na shughuli ni saa ngapi.

*

Nimewaza sana kuhusu aibu, na nilichokipata ni kidogo. Nilidhani inaishi ndani ya mtu, pembeni ya moyo, na kwamba mtu akiitoa nje kwa maneno imekwisha, anapumua. Wazee wamesema mficha uchi hazai. Kwa hiyo niliamua kusema. Siku mbili zile sikulala vizuri na nilijiona shujaa kidogo, na hilo pia lihesabiwe.

Uwanja ulijaa. Mji Mdogo uliwekwa juu ya nguzo na mafundi wakaufunga kwa saruji. Mpima Mkuu alisoma kibao cha shaba: udongo wa misingi, mchanga, pumba za mpunga, majani ya mgomba, kokoto za mtoni. Akanigeukia kwa ukarimu akaniuliza kama wamesahau kitu.

Nikasema, "Si kokoto. Ni chungu cha mama yangu. Nilikiiba kaburini, na mtu mwingine amebeba lawama yangu."

Nilihesabu pumzi zangu tatu. Nilikuwa tayari kwa mawe, kwa zomeo, kwa mikono inayonivuta kanga. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

Wakafuata wote. Mwanamke mwenye miwani alikuwa anafuta machozi. Mpima Mkuu aliuondoa utepe shingoni, jambo ambalo nilielezwa baadaye hakuwahi kulifanya, akanivisha mimi. Akawaambia waandishi wake wafute kokoto za mtoni na waandike hili badala yake, maana linaongeza uzito. Waliokuwa nyuma walilalamika kwamba hawakusikia. Wakaniomba nirudie.

Nikarudia. Hili ndilo linalonifanya nisiweze kujitazama kwenye maji mpaka leo. Mara ya pili nilisema vizuri zaidi. Nilijua pa kutua. Nilipofika kwenye neno mama niliishusha sauti kidogo, nikaacha nafasi, nikaona nafasi ile inafanya kazi yake katika nyuso za watu. Aibu yangu ilikuwa imepimwa, imekandwa, imechomwa, na haikuwa na ufa hata mmoja.

Eliwaza alikuwa amesimama kando ya nguzo. Hakupiga makofi. Makofi yalipopungua alinisogelea akasema polepole, kwa sauti ya dada mkubwa anayemwambia mdogo wake afunge kifungo cha blauzi:

"Hawa hawamjui mama, wala Mama Mbonea. Umewaambia nini sasa? Twende ukaseme kule ambako watakusikia."

Nilimwomba Mpima Mkuu Mji Mdogo wangu. Alinijibu kwa upole wake ule ule kwamba si wangu tena, na kwamba saruji imekwisha kushika. Alikuwa anasema kweli. Niliweza kubandua kitu kimoja tu, tangi la maji lililokuwa juu ya mnara wa mwisho, dogo, la kuenea kwenye kidole gumba. Walidhani nachukua kumbukumbu, wakanipisha. Mama, isipokuwa kipande kile, alibaki pale uwanjani akishikilia ghorofa za watu, na mpaka ninapoyaandika haya bado anazishikilia.

*

Tulishuka kwa ngazi. Ya kumi, ya tisa, ya nane, miaka mitupu yenye mwangwi, mlango huu nilisifiwa, mlango ule nilisifiwa tena. Eliwaza alikuwa mbele na hakugeuka. Magoti yangu yalikuwa yanapona kila tuliposhuka. Kati ya ghorofa ya saba na ya sita nikasikia mtu anapanda, anahema, na nilimjua kabla sijamwona. Nilikuwa mimi, nikiwa na kanga iliyofungwa fundo, nimeipakata kama mtoto mchanga, na ndani ya kanga vigae vinagongana taratibu.

Ngazi ni nyembamba pale. Nilijibandika ukutani nikampisha. Aliniona mtu mzima akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kumwambia rudi, binti, udongo huu hata ukipasuka ni udongo tu, na Mji hautakufa kwa kukosa sura yake. Midomo yangu ilifunguka. Lakini niliona uso wake, jinsi ulivyong'aa kwa tamaa aliyoiita mapenzi, na nikajua kwamba kama angesimama kunisikiliza angenitajia maneno yale aliyoyatunga kaburini, nami ningeyaamini tena. Nikaitikia marahaba. Akapita. Nilimsikia mpaka mlango wa juu ulipofungwa.

*

Chimboni tulifika asubuhi. Wanawake walikuwa shimoni, kumi na watatu, udongo mpaka magotini. Walimwamkia Eliwaza, na mimi waliniamkia vizuri pia, maana sifa za Mjini zilikuwa zimenitangulia. Mmoja alinitania kwamba nimenenepa kama tanuri. Juu ya ukingo, upande wa nje, Mama Mbonea alikuwa amekaa kwenye jiwe lake bapa, jembe mapajani, kitambaa mdomoni kwa ajili ya kikohozi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilipita mbele yake bila kumwamkia. Sikuthubutu kumwomba aniitikie.

Nilisimama ukingoni nikatoa lile tangi dogo nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Lilikuwa kipande tu, lilitoa mlio mfupi, lakini wote waliinua vichwa, kwa sababu wote waliwahi kuchota maji kwenye mtungi ule.

"Yumo mama yangu, Nakundwa," nikasema. "Nilimchukua mimi. Mama Mbonea hajui lolote."

Nilikuwa nimepanga mengine mengi. Njia nzima nilikuwa nayapanga, nimeyapa pa kutua na pa kushusha sauti, na yote yalinikimbia. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Yule aliyenitania kuhusu tanuri alitazama chini akaanza kukwangua udongo uliokauka mkononi mwake. Kimya kile hakikuwa na nafasi ndani yake ya mimi kusimama, na hapo ndipo nilipojua aibu inaishi wapi. Inaishi kwa wanaojua. Nilikuwa nimeipeleka mbali kwa miaka ile yote, na yenyewe haikuwahi kutoka pale shimoni.

Mama Mbonea aliinuka. Ilimchukua muda. Eliwaza alikimbia kumshika mkono, akapiga magoti mbele yake, akamwambia jambo ambalo sikulisikia wala halikuwa langu kulisikia. Bibi yule alimsikiliza, akamgusa kichwani, akampita. Alishuka shimoni taratibu, hatua kwa hatua, na wanawake wakasogea kumpa nafasi mahali pale pale alipokuwa akichimba zamani. Hakutumia jembe. Aliinama akaingiza mikono yote miwili kwenye udongo mpaka kwenye viwiko, akabaki hivyo, ameinama. Mimi hakunitazama. Hajanitazama mpaka leo, na simdai.

Walirudi kazini wote. Eliwaza naye alishuka. Hakuna aliyenifukuza wala aliyeniita. Nilitazama huku na huku nikatafuta mahali pa kuweka miguu yangu, kisha nikaenda kwenye lile jiwe bapa nje ya ukingo. Lilikuwa bado na joto la Mama Mbonea. Nikakaa.